Ukuta wa Mama Mkwe

Kijiwe cha Ushirika kipo pale barabara ya Bigwa inapoanza kuutafuta mlima. Kilipata jina kutokana na duka la ushirika lililokuwa hapo, ambalo enzi zake watu walipanga foleni tangu alfajiri wakingoja sukari. Ruksa ya biashara huria ilipoingia, duka likafungwa, sukari ikajaa kila genge, lakini watu wakaendelea kukaa palepale barazani wakingoja kitu ambacho hata wenyewe hawakukijua jina. Hafidhi akaleta birika lake la kahawa, kashata na vikombe vyake visivyo na mikono, basi kijiwe kikawa kijiwe. Wenyewe wa pale ni watatu, ukimwacha Hafidhi. Yuko Nasibu fundi mwashi, aitwaye Mkandarasi japo kandarasi kubwa aliyowahi kupewa ni choo cha mjumbe wa nyumba kumi. Yuko Maneno, Mluguru wa Matombo, aitwaye Bibisi kwa sababu habari za dunia humfikia kabla hazijatokea. Na yuko Stephano, Mnyamwezi aliyepunguzwa kiwandani, ambaye sasa anauza viatu vya mitumba sokoni na anaimba besi parokiani. Huyu wanamwita Shemasi, kwa kuwa hawezi kumaliza kashata moja bila kuungama kitu.

Jumamosi ile mawingu yalikuwa bado yameilalia Uluguru pale Shemasi alipotokea mbiombio, kiganja kimefunika mfuko wa shati kama mtu aliyebeba yai.

— Mnyamwezi, ni moyo unauma au umekwapua sadaka? — Bibisi akamwanza.

Shemasi hakujibu. Wote wakatazamana, maana Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani anapokosa jibu ama ana msiba ama ana dhambi. Hafidhi akammiminia kahawa bila kuombwa.

— Jamani, nimekuja mnisomee kitu, — Shemasi akasema, akiketi ukingoni mwa benchi. — Nadhani mama mkwe wangu amenikasirikia. Na kesho anapanda zake Mgeta, kwao mlimani.

Akatoa mfukoni kidude cha kijivu, ukubwa wake kama kitabu cha sala, kina kioo kidogo juu na vitufe vya manjano chini. Ilikuwa gemu ya matofali.

Hakuna asiyeijua pale. Zilianza kuja na wafanyabiashara wa Dubai, zikashuka Kariakoo, zikapanda mabasi, na katika muda mfupi Morogoro nzima ikawa imeinamisha shingo. Ni mchezo ambao hata aliyeishia darasa la pili anauelewa kabla hujamaliza kumweleza. Vipande vya matofali vinashuka kutoka juu, kimoja kimoja: mara mraba, mara kilichopinda kama mguu wa meza, mara kirefu kilichonyooka, ambacho watu walikiita fimbo. Wewe unakigeuza, unakisogeza, unakitafutia mahali pake. Mstari ukijaa bila kubaki tundu, unafutika, gemu inalia tiririri, na roho yako inaburudika kama mtu aliyetua mzigo. Ukipanga ovyo, ukuta unapanda hadi juu, kwisha habari yako. Bunduki hamna, matusi hamna, na kamari pia hamna. Hafidhi, mtu wa swala tano, alilichunguza hilo kwa makini kabla hajaruhusu kidude kile kichezwe karibu na birika lake, na siku alipokiruhusu ndipo kahawa ilipoanza kuungua.

Nyumbani kwa Shemasi mambo yalikuwa hivi. Shemeji yake alileta gemu ile kutoka Dar kama zawadi ya watoto. Shemasi aliipiga marufuku siku ya kwanza, kwamba ni kazi ya shetani. Siku ya pili akaijaribu kidogo, ili amjue adui. Siku ya tatu mkewe, Filomena, alimkuta anasali rozari huku kidole gumba kikibonyeza punje kana kwamba anageuza tofali, na Shemasi akalipeleka jambo lile kitubioni, ambako padri, kwa maelezo yake mwenyewe, alikohoa kwa muda mrefu.

Kisha akaja mama mkwe. Bi Veronika alishuka kutoka Mgeta kutibiwa mguu, akapewa chumba cha ndani. Sasa, mkwe ni mkwe. Kwa Waluguru na kwa Wanyamwezi pia, mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni, hakai naye mkeka mmoja, hali naye sahani moja, wala hapeani naye kitu mkono kwa mkono. Akitaka kupita anakohoa kwanza ili mwenzie ajifiche. Kikongwe akakaa mle ndani nyuma ya pazia, mguu umenyooshwa, hana wa kuzungumza naye watoto wakiwa shule, hadi siku Filomena alipompa kile kidude ajipumbaze nacho.

Kuanzia hapo Mungu mwenyewe ndiye anayejua. Bibi alicheza hadi uji ukapoa. Alicheza na wajukuu, akawashinda, akawacheka. Na kwa kuwa gemu ilikuwa moja na Shemasi naye alikuwa na kiu yake, pakazuka utaratibu ambao hakuna aliyeupanga. Bibi akichoka, alibonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, akaiweka gemu juu ya kigoda mlangoni mwa chumba, ukuta ukiwa umefikia ulipofikia. Shemasi akirudi sokoni alikohoa, akaichukua, akauendeleza ukuta uleule, akausimamisha, akairudisha kigodani. Mchezo mmoja, watu wawili, pazia katikati. Hawakuwahi kusemezana neno. Filomena alisema hao wawili siku hizi wanaongea kuliko yeye na mumewe.

— Sasa kosa liko wapi? — Mkandarasi akauliza.

Shemasi akaungama. Juzi jioni, alisema, bibi alimwachia ukuta mzuri, umepangwa ukapangika, naye akaurukia kwa pupa huku akiwaza viatu visivyouzika. Akatupa mguu wa meza mahali pa mraba, akaweka kibaya juu ya kibaya, ukuta ukapanda, mchezo ukafa mikononi mwake. Kazi ya mama wa watu ya siku nzima. Akairudisha kigodani kimyakimya kama mwizi, hata kukohoa hakukohoa. Jana kutwa kigoda kikakaa kitupu. Na leo asubuhi Filomena amemwambia mama anafunga mkoba, na kigodani pamewekwa hiki.

Akawaonyesha kioo. Wakabanana vichwa.

Ukuta ulikuwa umepanda karibu na paa, umebaki uwazi mdogo mno juu. Mweusi tii, umeshindiliwa. Na juu kabisa, kwenye uwazi ule, fimbo imelala chali, imesimamishwa hewani, inangoja.

— Sijathubutu kugusa, — Shemasi akasema. — Ameniambia kitu. Mkwe akiondoka na kinyongo, nyumba haikai. Nisomeeni.

Kijiwe kikachangamka kana kwamba limeitishwa bunge. Mkandarasi akataka nafasi kwanza, kwa kuwa suala ni la ukuta na yeye ndiye mwenye mwiko. Akaeleza kwamba hilo halihitaji elimu. Ukuta umefika usawa wa lenta, ile boriti ya juu ya milango, na hiyo iliyolala juu ndiyo lenta yenyewe. Baada ya lenta ni nini? Ni kupaua.

— Mama mkwe anaomba bati, — akahitimisha. — Na mimi ninafahamu linakopatikana. Haba na haba hujaza kibaba, Shemasi, anza na bando moja.

— We fundi, kila kitu kwako ni bati, — Bibisi akamkata. — Mke wako akipika wali unaona zege.

Bibisi akasema yeye ndiye Mluguru hapo, basi wanyamaze wajifunze. Mwanamke wa Kiluguru hamwombi Mnyamwezi nyumba, kwa sababu ardhi ya kule juu ni ya ukoo wa mama, na nyumba ni yake, na hata watoto, mkitaka ukweli wa kale, ni wa upande wa mama. Kwa hiyo ukuta ule si nyumba. Ni mpaka.

— Anakwambia: mimi na wewe, mwisho hapa. Nampandisha mwanangu na wajukuu wangu, wewe baki na viatu vyako.

Alikuwa anatania, sauti yake ilionyesha. Lakini Shemasi aliweka kikombe chini. Tangu bibi aje, nyumba yake ilikuwa imejaa vicheko ambavyo havikuwamo tangu alipopunguzwa. Jioni watoto walilala kifudifudi karibu na pazia, bibi upande wa pili, wote wakipiga kelele geuza bibi, geuza, na yeye Stephano akisikiliza toka sebuleni kama anasikiliza redio ya peponi. Akamwomba Mungu kimoyomoyo kwamba kama adhabu ni lazima, basi iwe nyingine.

— Subirini, — Hafidhi akasema, akiuweka chini upepeo wa makaa. — Nyie mnatazama ukuta. Mimi natazama hiki kilicholala. Kitu kirefu, kimelala chali, kiko juu ya mabega ya watu. Ni nini hicho?

Mkandarasi akajisogeza mbali na kioo.

— Jeneza, — Hafidhi akajijibu. — Kikongwe ameota kifo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe, — Bibisi akamwambia. — Ndiyo maana kashuka kutibiwa.

Wakacheka, ila cheko la Shemasi lilikuja nyuma ya wenzake na likawahi kuisha. Kutoka hapo mambo yakapaa. Mkandarasi akadai kwamba vile vidude vina mashine inayosoma jasho la kidole, na kipande kinachoshuka hutegemea kilichomo moyoni mwa mchezaji. Mwenye hasira hushushiwa fimbo za kuchapia. Bibisi akamwambia hiyo ni habari ya zamani. Alilonalo yeye ni zito zaidi. Gemu ile, alisema, ililetwa kwa makusudi na wale wale wakubwa wa nje walioshauri viwanda vipunguze watu, ili watu wazoee.

— Wazoee nini?

— Tazama mwenyewe. Tofali linafika, linatafuta nafasi, linabanana na wenziwe, linafanya kazi. Mstari ukikamilika, kila tofali limekaa mahali pake, hakuna mvivu, hakuna mtoro, halafu?

— Unafutika, — Mkandarasi akasema polepole.

— Unafutika. Na wabovu waliokaa vibaya ndio wanaobaki. Shemasi, wewe ulikuwa mstari uliojaa.

Hili liliwachoma na kuwachekesha kwa mpigo, kwa kuwa nusu ya mtaa ilikuwa imefutwa namna hiyo. Shemasi naye akacheka, mara hii kweli, akasahau shida yake kwa muda wa kutafuna kashata. Kisha jicho lake likarudi kwenye kioo, na shida ikawa palepale, imelala chali.

Ndipo akatua mama mmoja wa makamo, tenga la ndizi kichwani, anatoka mlimani. Hajawahi kukanyaga kijiwe kile. Aliwaamkia, akaomba pa kupumzishia mzigo, akaagiza kahawa, akasema anaitwa Hidaya na kwamba kwa mbali alidhani wanaume wale wamemzunguka mtu aliyeanguka kifafa. Bibisi akampa mkasa wote kwa pumzi moja, akiongeza na yasiyokuwemo, pamoja na lenta, mpaka, jeneza na wakubwa wa nje.

Hidaya alisikiliza huku akipuliza kikombe. Halafu akaomba aoneshwe. Shemasi akamshikia kioo kwa mikono miwili.

— Mimi vidude hivi sivijui, — akasema. — Ila nawauliza, kaka zangu. Huyu mama kajaza kote, hakubakiza tundu hata la kupita sisimizi. Kwa nini hapa pembeni kaacha uchochoro, umenyooka tangu juu hadi chini?

Mkandarasi akaupima uchochoro kwa ukucha. Hafidhi akaokota upepeo wake. Bibisi, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akakuna kidevu. Barabarani likapita lori la kabichi, likaondoka na vumbi lake.

Shemasi aliutazama uchochoro ule. Alikuwa ameuona tangu alfajiri, lakini kwa hofu yake aliuona kama ufa. Sasa akautazama kwa jicho la mchezaji. Kuujaza ukuta namna ile bila kudondosha hata tofali moja pembeni si kazi ya hasira. Ni kazi ya mtu aliyekaa siku nzima, mguu umenyooshwa, akikataa kila njia rahisi, ukuta ukimpanda kifuani, shingoni, kidevuni, akingoja kitu kimoja tu kinachoweza kuingia mle. Kingeweza kisije. Na kilipokuja, kirefu, kilichonyooka, raha yote ya kazi ile ikiwa imebaki kubonyeza tu, hakubonyeza. Alisimamisha mchezo, akainuka na mguu wake mbovu, akaiweka gemu kigodani.

— Fimbo haikulala kwa ubaya, — Shemasi akasema. — Ndivyo inavyozaliwa. Inangoja kusimamishwa wima.

Bibisi alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa umeacha utani.

— Shemasi, — akamwita. — Mkwe akichinjiwa kuku, kipi hakiguswi na mtu mwingine?

— Firigisi.

— Basi, hiyo ndiyo firigisi yako.

Hapo kijiwe kikalipuka. Mkandarasi akataka ibonyezwe palepale waone, hawezi kukaa na ukuta uliobakiza tofali moja, atashindwa hata kulala. Hafidhi akasogeza birika ili apate pa kusimama, akashauri isogezwe kwanza halafu isimamishwe. Mkandarasi akapinga, isimamishwe kwanza halafu isogezwe. Wakaanza kugombea vitufe ambavyo hakuna kati yao aliyekuwa amevishika. Uwazi pale juu ulikuwa mdogo mno, wakakumbushana, kosa moja tu na mchezo unakufa. Hidaya, ambaye dakika chache nyuma hakukijua kidude kile, alikuwa ameinuka na kikombe mkononi, naye akisema isogezwe.

Shemasi akakirudisha mfukoni.

— Firigisi hailiwi barabarani, — akasema, na akaondoka bila kumaliza kahawa, jambo ambalo Hafidhi hakuwahi kuliona kwake.

Alitembea upesi huku kiganja kikiwa juu ya mfuko, akijilaumu njia nzima. Alikuwa amempa kikongwe wa watu hasira asizokuwa nazo. Alikuwa amechukua zawadi akaenda kuiuliza kijiweni kama kesi. Na vile alivyomchelewesha, asubuhi nzima bila jibu. Huenda bibi ameketi mle ndani akidhani firigisi yake imekataliwa. Wazo hilo likamwongezea mwendo.

Alimkuta Filomena uani anachambua mchicha. Mkoba wa bibi ulikuwa tayari mlangoni, umefungwa kwa kamba ya katani. Filomena alimtazama mara moja tu, akarudi kwenye mchicha wake. Shemasi akaingia, akakohoa. Nyuma ya pazia kitanda kikalia kidogo, kikanyamaza. Akakaa chini, mgongo akaupa ukuta, upande wake wa pazia, na kwanza kabisa akaitafuta sauti ya gemu, ambayo kwa kawaida aliizima, akaifungulia hadi mwisho. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akabonyeza.

Fimbo ikaanza kushuka. Akaisogeza, akaisogeza tena. Akaisimamisha wima. Kwa sekunde moja ilining'inia mdomoni mwa uchochoro. Akaiachia.

Ikazama hadi chini kabisa. Mistari ikafutika kwa mkupuo mmoja, ukuta mzima ukashuka kama mtu aliyeketi baada ya safari ndefu, na gemu ikalia, tiririri, ikajaza sebule, ikapita pazia.

Filomena kule uani alikuwa ameacha kuchambua.

Halafu ndani pakatoka cheko. Lilianza dogo, la puani, likapanda, likawa cheko la mtu mzima aliyesahau kwamba ana mguu unaouma na mkwe asiyetakiwa kumsikia. Shemasi aliinamisha kichwa kwa heshima, kama inavyopasa, na akiwa ameinama vilevile akajikuta naye anacheka, machozi yanamtiririka hadi kwenye vitufe. Walicheka hivyo kwa muda, kila mtu upande wake.

Kisha bibi akakohoa, akaiweka sauti yake sawa, akaituma uani kwa mwanawe, kwa sababu mkwe hasemezwi.

— Filomena, hebu muulize huyo baba, mbona kigoda bado kitupu?